Mashine Iliyochelewa Kuamka

Mpaka leo naisikia ile sauti: mguno mrefu, kimya, halafu mguno tena, kama mbuzi anayevutwa kamba asikotaka kwenda. Ilikuwa mashine ya fotokopi, sebuleni kwa mama mmoja mwenye duka, pale Kasulu mjini. Huko stendi, basi la Kigoma lilikuwa linapiga honi.

Shangazi alikuwa ameshakaa ndani ya basi akinisubiri. Alikuwa anipelekee maombi yangu kwenye chuo cha ushonaji, na siku ya mwisho ya kupokea ndiyo ilikuwa hiyo. Kila kitu alikuwa nacho, isipokuwa nakala ya cheti changu cha darasa la saba.

Nilikuwa nimeinama mlangoni nikipiga makofi taratibu, kama tunavyosalimia wakubwa kwetu. "Mwakeye, mama."

"Mwakeye, mwakeye. Inuka, mwanangu, basi halingoji salamu." Yeye alikuwa mtu wa Tanga, lakini Kiha chetu alikijua kiasi cha kututania.

"Itachukua muda gani?"

"Hii ni bibi harusi. Mpaka apate joto ndiyo atoke. Na jenereta ikizimika, tunaanza upya."

Nikasikiliza jenereta uani. Ilikohoa kidogo, na mimi nikabana pumzi kana kwamba pumzi yangu ndiyo ingeizima. Kichwani nilikuwa nimeshashona magauni ya harusi ya nusu ya wasichana wa Kasulu.

Taa ndogo ikageuka kijani. Akalaza cheti kwenye kioo, akafunika, mwanga ukapita chini. Karatasi ikatoka ya moto, na nyeusi tii. Jina langu halikuonekana.

Akainua cheti, akakinusa. "Mmekikausha kama dagaa?"

"Mama alikiweka kwenye uchaga, juu ya moto. Kisiliwe na mchwa." Pale ndipo alipotunza mbegu za mahindi na kila kitu alichokipenda.

Mwenye duka hakucheka. Honi ikalia tena, ndefu. Akaenda jikoni, akarudi na unga wa muhogo kwenye kitambaa kikavu. "Sugua polepole. Ukichana, shauri yako."

Nikasugua. Unga ukawa wa kijivu, herufi zikaanza kujitokeza. Yeye akapunguza wino. Mashine ikaguna tena, ikanyamaza, nikadhani imekufa. Kisha mwanga ukapita.

"Haya, kimbia."

Basi lilikuwa limeshaanza kutembea. Nilikimbia ubavuni mwake mpaka nikauona mkono wa shangazi dirishani, ukaifumbata karatasi. Nilichosikia ni kondakta tu: "Binti, ungepanda basi, si kushindana nalo."

Jioni nilipofika nyumbani, mama alikuwa anachambua maharage.

"Imetoka vizuri?"

"Imetoka safi, mama."

"Nilijua. Nilikitunza sana kile."

Alipokwenda kisimani niliingia jikoni peke yangu. Cheti nikakifunga kwenye kitenge changu, chini ya nguo, mbali na moshi. Ile nakala nyeusi niliyorudi nayo nikaikunja vilevile mama alivyokuwa akikikunja cheti, nikapanda kwenye kigoda, nikaichomeka kwenye uchaga, palepale penye mbegu.