Safari ya Kulinda Sikio Lililobaki

Mwaka ule unga ulipopanda bei, Kinoo nzima tukala nduma asubuhi, nduma mchana, na mgeni akija anachemshiwa nduma, ndio mwaka spika ya kanisa iliponivunjia sikio la kulia. Spika mpya, kubwa kama kabati, iliwekwa ubavuni mwangu, pale benchi la mbele ninapokaa. Siku ya kuizindua ilipiga yowe moja tu, na tangu hapo sikio likawa linaimba lenyewe kama birika. Kliniki ya tauni, kule Nairobi mjini, ilinipa dawa. Sasa nilitakiwa nirudi waone kama limepona, na kama la kushoto liko salama.

Asubuhi, Kinoo. Mjukuu wangu Njeri alinijia na gari lake mwenyewe, analiendesha yeye. Nikamwambia apite polepole penye maduka.

"Shosho, tutachelewa!"

"Tuchelewe. Lazima wanione."

Westlands. Majumba ya vioo yamevaa mawingu kama mashuka! Magari yamesimama, kila dereva na honi yake. Njeri alikunja uso. Mimi nilisikia upande mmoja tu wa barabara.

Katikati ya tauni tulipanda lifti mpaka tumbo likabaki chini. Daktari alikuwa mama wa Kihindi, Kiswahili chake cha Nairobi kabisa.

"Shosho, uko poa?"

"Sijui. Wewe ndiye daktari."

Akanitia kwenye chumba kidogo chenye mlango mnene kama wa friji ya bucha. Alipoufunga, jamani! Kimya kile sijakipata hata matangani. Nilisikia moyo wangu ukitembea kama mtu mwenye viatu. Miaka yote moyo huo unanifanyia kazi, na sijawahi kuusalimia.

Nilipewa kitufe nibonyeze nikisikia mlio. Daktari nilimwona kupitia kioo: mkono wake ukigusa mashine, nabonyeza. Sikukosa hata mmoja! Akaingia akicheka.

"Shosho, umesikia kabla sijawasha." Akanigeuza nitazame ukuta.

Tukaanza upya. Kushoto nilisikia milio midogo, midogo, kama ya kifaranga aliye bado ndani ya yai. Machozi yakanitoka. Kulia, birika tu.

Daktari hakunificha. "La kulia, sauti nyembamba zimeenda, hazirudi. La kushoto ni zima, lakini spika ile italimaliza. Hama hapo unapokaa."

"Benchi la mbele ni la sisi tuliobeba mawe ya kanisa kwa mgongo. Mimi sihami."

"Basi utakaa hapo mpaka Njeri akuite usimsikie."

Nikachukua mkoba wangu.

Jioni, kurudi. Njia nzima ya kwenda Njeri alikuwa amenizungumzia upande wa sikio bovu. Sasa nilijigeuza kitini nikampa la kushoto. Alikuwa anaimba chini chini huku akiendesha, vilevile alivyoimba marehemu mama yake, binti yangu, akipura maharagwe. Nilikuwa nimeketi karibu na sauti ile na sikujua iko. Nilichojifunza ni hicho: sikio ni la kusikia walio wako, si la kuonyeshea watu mahali ulipoketi.

Jumapili niliwahi kanisani kabla ya wote. Nikachomoa waya wa spika, nikaukalia. Mzee wa kanisa, ambaye Njeri alikuwa ameshamweleza, akaja mbio.

"Mama! Si daktari amekwambia uhame?"

"Hiyo spika ina magurudumu, mimi nina magoti. Isukumeni kule nyuma ya madhabahu, ndipo nitoe waya. Mimi sihami."