Mwaitu wa Mulwa

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na asiyeamini aende Kalama akaulize habari za Mwongeli. Alipofika kwa Mutinda alikuta mtoto wa kiume, Mulwa, hata kutambaa hajui, na mamake amelala kaburini nyuma ya nyumba. Akambeba mgongoni, akalima naye, akaugua naye. Mtoto alipofungua kinywa alimwita mwaitu.

Mwaitu kwa Kikamba ni mama yangu. Lakini ukilipasua neno lenyewe, wazee watakuambia ndani yake mna "wetu": mama si wa mtu mmoja, ni wa nyumba nzima. Mwongeli alilipenda kuliko jina lake. Hata alipomzaa Mumbua, hakubagua.

Shida ilikuwa Mutinda. Mwanamume yule, Mungu amsamehe maana mimi siwezi, kila mavuno aliahidi kupeleka mbuzi wa ntheo, wale wanaomfanya mwanamke awe mke mbele ya ukoo. Hakupeleka hata kwato. Akafa hivyo hivyo, akamwacha mwenzake kama mgeni aliyekawia kuaga.

Baada ya mazishi ukoo ukakaa uani. Ndunda, ndugu ya marehemu, akasema mama huyu hakuolewa, arudi kwao. Wengine wakaona haya, kwa sababu chakula chake walikuwa wamekila miaka yote. Mwishowe wakakubaliana kwamba Mulwa ndiye mwenye boma sasa, aamue yeye. Mwongeli akashusha pumzi, akafunga leso yake upya. Maskini, alidhani kesi imekwisha.

Kumbe tangu asubuhi Ndunda alikuwa akimnong'oneza Mulwa juu ya utamu wa shamba lisilogawanywa. Kijana hakumtazama Mwongeli. Alimgeukia dadake.

"Mumbua, tafutia mwenyu pahali pa kukaa."

Mwenyu ni mama yenu. Neno ni lile lile, ila "wetu" imeng'olewa na "wenu" ikapandwa mahali pake. Hakutukana, wala hakupaza sauti, na ilimuuma Mwongeli kuliko tusi lolote. Kwanza alidhani ulimi umeteleza. Akangoja ajisahihishe.

"Mulwa," akasema, "mama yenu, yenu na nani? Mumbua ni mmoja. Mwingine ni nani?"

Mulwa akainama. Ndunda akasimama, akawaambia watu wafumbe macho, akafunga kikao kwa maombi.