Mkipsigis Asiyekimbia Aenda Kericho Kukimbia

Mimi si mtu wa kutoka. Nikifika Bomet mjini kununua chumvi, hiyo kwangu ni safari, na nikirudi nalala. Kwa hivyo kama juzi mliniona nikitoka kijijini alfajiri na raba za kijana wangu miguuni, jueni kulikuwa na sababu, na sababu ni binti yangu Chebet.

Chebet anataka kuolewa na kijana Mkisii wa pale Kericho. Kijana hana neno. Babake, Mzee Ombati, mwalimu mstaafu, ndiye alikuwa hajakubali. Kila akiulizwa atakuja lini kwa mazungumzo ya posa, alijibu bado anafikiria. Kitu kimoja tu kutoka kwetu kilimpendeza: ati sisi Wakipsigis, kama Wakalenjin wote, tunakimbia. Yeye hukimbia kila asubuhi kwenye bustani ya miti, kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Akanialika. Nilipotaka kukataa, Chebet aliniangalia vile mama yake huniangalia.

"Baba, ni mzunguko mmoja tu. Usiniaibishe."

Saa kumi na moja alfajiri nilipanda pikapu ya jirani anayepeleka kabichi Kericho. Mbele alikaa mkewe, mimi nikakaa nyuma na kabichi. Kufika Litein nilikuwa nimejifunika gunia mpaka masikio. Baada ya hapo ni michai kila upande, imekatwa ikawa sawa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Mwingine angefurahia. Mimi niliangalia vilima tu, nikijiuliza hiyo njia ya kukimbia inapanda au inashuka.

Langoni mwa bustani nilimkuta Mzee Ombati akirukaruka.

"Arap Tonui! Leo unionee huruma, mimi ni mzee."

"Nitakwenda polepole, Mzee," nikamwambia, na Mungu anajua sikudanganya.

Njia inazunguka bwawa. Kuna miti mirefu iliyoshika ukungu juu, na mbega weusi kwa weupe wamekaa kwenye matawi wakitutazama bila haraka yoyote. Niliwaonea wivu. Tulipofika kwenye mianzi pumzi iliniisha. Bahati nzuri akatokea mzee wa kwetu na fimbo yake, na kwetu huwezi kumpita mzee mbio kama mwizi. Nikasimama kumsalimu.

"Chamgei!"

"Chamgei mising!"

Nikampa mkono, nikamuulizia ng'ombe, mahindi, mpaka bonasi ya majani chai. Mzee Ombati alikimbia papo hapo akingoja. Mbele nikawasalimu akina mama wawili wenye kuni, kisha mfagiaji wa njia, ambaye nilimuulizia hata watoto.

"Nyinyi mna heshima sana," Mzee Ombati akasema.

"Tulilelewa hivyo," nikajibu, nikishika kiuno.

Kwenye kona ya mwisho, lango likionekana, kwenye benchi alikaa Mama Chepkemoi, jirani yangu na kiongozi wa akina mama kanisani, aliyekuja kumtembelea mjukuu. Aliponiona alisimama ghafla.

"Arap Tonui! Unakimbia? Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Sema ukweli. Ni mama yako?"

"Mama yuko sawa."

"Basi ni ng'ombe."

Mzee Ombati akauliza, "Kwani huyu nyumbani hakimbii?"

"Huyu? Ng'ombe wake waliingia kwa shamba langu akiwaona. Akanipigia simu niwafukuze mimi!"

Mzee Ombati hakucheka. Alimaliza mzunguko peke yake, mimi nikifuata kwa miguu. Kwake tulikunywa chai na ndizi, tukaongea habari za mvua. Wakati wa kuagana alisema, "Nitafikiria." Njia nzima ya kurudi nilitafuta maneno ya kumwambia Chebet, sikupata.

Jioni, nikikaribia nyumbani, niliona viti vya kanisa vimepangwa uani. Mama Chepkemoi alikuwa ametangulia kupiga simu kijijini. Majirani walijaa, wengine na kuni, wengine na sukari, na pasta ameshafungua Biblia.

"Nimewaambia hakuna msiba," mke wangu akasema, "wananiambia basi wewe ndiye unanificha."

Nikaeleza kwamba nilikimbia tu. Pasta akauliza taratibu, "Kwa hiari yako?"

Hapo simu ikalia. Mzee Ombati alitaka kujua kama nimefika.

"Mbona kelele?"

Sikuwa na la kuficha tena. Nikamwambia yote. Akacheka mpaka akakohoa, nikamsikia akimwita mkewe aje asikie.

"Watu wote hao, kwa sababu umekimbia mara moja?"

"Na pasta yuko, Mzee."

"Mimi hukimbia hapa kila siku. Nikianguka kwenye ile mianzi, sijui nani atauliza. Kijana wangu aoe huko huko. Jumamosi tunakuja."

Chebet, aliyekuwa ametega sikio kando yangu, alipiga kelele za furaha, na waliokaa mbali wakadhani sasa ndiyo habari ya msiba imethibitishwa.

Nilichojifunza ni hiki: bustani ya Kericho ni nzuri, nendeni mkawaone mbega, lakini nendeni mkitembea. Anayetaka kukimbia awaage majirani kwanza. Sukari niliyoletewa nilijaribu kuirudisha, wakakataa. Walisema niiweke, Jumamosi wakwe watakunywa chai.