Wafalme Chini ya Uji

Kijiko kinapokwaruza kitako cha bakuli la melamini hutoa mlio mkavu unaowatia wengine ganzi ya meno. Mimi, kila ninapomlisha mwanangu hapa Goba nikausikia, humkumbuka bibi mzaa baba.

Bakuli la utotoni kwetu lilikuwa la seti ya mtoto, pamoja na sahani, kikombe na kijiko, vyote vimechorwa historia ya wafalme wa nchi ya mbali. Bosi wa mama alimzawadia alipojifungua mdogo wangu Aloyce. Kwenye kitako cha bakuli wafalme wawili walikabiliana juu ya farasi, mmoja mwenye ndevu na joho jekundu, mwingine mwembamba wa joho la bluu. Mama aliifungia seti yote kwenye kabati la sebuleni, nyumbani kwetu Kimara, kwa sababu vyombo vya kabatini ni vya wageni. Mgeni gani angekuja kunywea kikombe chenye mikono miwili, hatukuuliza.

Kisha mama akaugua. Alipasuliwa tumbo, akabaki hospitali wiki baada ya wiki. Aloyce alikuwa bado ananyonya. Sasa ziwa halipo, na uji akautema. Bibi alikuja kutoka Songea, akajaribu vikombe, akajaribu nyimbo. Mtoto alifumba mdomo tu, macho yakaanza kumwingia ndani. Baba akirudi kutoka hospitali alimtazama, kisha akatoka uani kusimama peke yake. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuogopa, ila si wa kuambiwa kitu.

Asubuhi moja Bibi alifungua kabati. Nikamwambia kwamba mama amekataza, vile ni vya wageni.

"Mgeni ndiye huyu," akasema. "Amekuja juzi tu duniani, na anataka kuondoka."

Akatia uji bakulini, akamwambia Aloyce kwamba wafalme wamezama matopeni, amsaidie kuwafukua. Ncha ya joho jekundu ilipojitokeza, mtoto akainama kuitazama, na mdomo ukafunguka.

Sasa, Bibi alikuwa Mngoni na mama Mhehe, na nyie mnajua utani wa watu hao. Wazee wao walipigana zamani, na nyumbani kwetu vita havikuisha. Bibi akija kututembelea alidai wao ndio waliowatimua Wahehe. Mama akamjibu kwamba Wangoni walikimbia mpaka wakasahau ngao. Kwa hiyo Bibi alipoanza kusimulia vita vya wafalme wale wa bakulini, nilijua mwenye ndevu lazima angekuwa Mngoni, na angeshinda.

Bibi akasema yule mwekundu ni Mhehe. "Mfalme wa kwa mama yako, Aloyce. Huyu hashindwi." Kesho yake Mhehe akashinda tena, na keshokutwa, na kila bakuli lilipokwanguliwa. Nilimuuliza kama Wangoni hawana zamu. Akaendelea kukwangua.

"Mwache ashinde," akasema taratibu.

Mama alirudi amekonda, anatembea ameshika ukuta. Alimkuta Aloyce anamalizia uji, mashavu yamerudi. Akalitazama bakuli lake la kabatini, nami nikajua kumekucha. Lakini aliuliza tu yule mwenye joho jekundu ni nani.

"Wenu, mtani wangu," Bibi akajibu. "Ametushinda."

Mama alikuwa na jibu kwa kila utani wa Bibi.  Siku ile alikaa chini akalia, na Bibi akamtilia uji kwenye bakuli lilelile, akamwambia, "Kunywa, mwanangu."

Kwa miaka nilidhani Bibi alikuwa amechanganya historia yake, uzee huo. Nimekuja kuelewa nilipokaa mwenyewe kando ya kitanda cha mgonjwa, nikiwaza nitoe nini ili apone. Mwenye kuomba hutoa alichonacho. Bibi hakuwa na ng'ombe wala shamba la kuuza. Alikuwa na ushindi wa babu zake, nao akautoa, kijiko kwa kijiko, mpaka mkwewe akarudi nyumbani.