Jina Lililogongwa Kwenye Mtutu

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, Mwanza mjini kila kitu kilikuja na jina kubwa na hakuna aliyeliamini. Redio ina jina, betri ina jina, hata kijiko cha bati kina jina. Unanunua pasi kwa furaha, unafika nyumbani, jirani anaigeuza mara moja tu na kukwambia ni feki. Mimi nilikuwa fundi cherehani katika chumba kimoja nyuma ya soko, na neno hilo lilinichefua, kwa sababu nilijua mambo si mepesi kiasi hicho.

Kwetu ni mbele ya Usagara, ukiteremka kuelekea ziwani, kwenye majaruba ya mpunga. Baba alikuwa na bunduki ya kuwindia, yenye kibali chake, aliyoinunua zamani kwa mkulima Mzungu aliyekuwa anafungasha virago. Kwenye mtutu palikuwa pamegongwa jina la kampuni maarufu ya Ulaya. Baba hakusoma sana, lakini jina lile alilipitisha kidole kila alipoipaka bunduki mafuta. Viboko wakitoka majini kula mpunga wa watu, aliyeitwa ni yeye, naye alikwenda kifua mbele.

Jumapili moja nilikwenda kuwasalimu wazazi, nikamkuta baba mdogo anamsaidia kaka yake kuisafisha. Mbao ya kitako ilikuwa imevimba kwa unyevu, wakaifungua. Chini ya mtutu, mahali panapofunikwa na mbao, palikuwa na alama ya kiwanda kingine kabisa, cha nchi nyingine.

"Kaka, umeliwa," baba mdogo akasema. "Hii imezaliwa kwingine. Hawa wamebandika jina tu."

Mama alikuwa anapakua ugali. Mkono wake ukasimama hewani.

Maana hata mimi nilizaliwa kwingine. Haikuwa siri. Mama aliingia nyumba ile akiwa amenibeba mgongoni, na baba alipotoa ng'ombe wa kumwoa aliongeza na wa kwangu, kwa sababu mwanamume wa kwanza hakuwa ametoa hata ndama. Kisha akanipa jina lake. Kwa desturi yetu, maneno yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshachumbiwa, wakwe walikuwa wanatarajiwa kutoka Nansio kuzungumza mahari, na baba mdogo alikuwa anamshauri kaka yake awaite watu wa yule wa kwanza nao waje wakae, ili baadaye kusiwe na lawama. Baba hakuwa amejibu ndiyo wala hapana. Nilikuwa naogopa. Sikujua siku hiyo nani atakaa kwenye kiti cha baba yangu.

Hadi leo sina hakika kama baba mdogo alikusudia kunigusa au alipayuka tu kama kawaida yake. Siku ile nilitamani kumshona mdomo, tena kwa uzi wa gunia.

Bunduki ikarudishiwa mbao yake, ikafungiwa chumbani. Watu walipokuja kusema kiboko yuko kwenye mpunga, baba aliwajibu kwamba mgongo unamsumbua. Mgongo ulikuwa mzima kabisa.

Nilipokwenda tena, akaniita uani.

"Wewe unakaa mjini, unaziona bidhaa," akasema. "Hii bunduki ni ya nani? Ya aliyeitengeneza, au ya aliyegonga jina?"

Nikamweleza kazi yangu. Kulikuwa na duka kubwa mjini lililouza mashati ya shule yenye lebo yake, na ndani ya duka lile hapakuwa na cherehani hata moja. Tuliyashona sisi. Mwenye duka alileta kitambaa na vipimo, akaja kukagua mwenyewe, na shati lenye mshono uliopinda alitutupia tulifumue. Alilolikubali ndilo lililowekwa lebo.

"Basi mashati ni yenu," baba akasema.

"Hapana, baba. Kola ikifumuka, mzazi anamfokea nani? Sisi hata hatujui. Anamfokea mwenye lebo, na mwenye lebo analipokea shati lake."

"Hata kama hajashika sindano?"

"Hata kama hajui tundu la sindano liko upande gani."

Akacheka kidogo. "Na aliyeshona, hana chake?"

"Ana sifa yake, kama kashona vizuri. Lakini sisi wenyewe, tukinunua kitambaa chetu, tunashona mashati yaleyale na kuyauza mnadani bila lebo. Yakifumuka, ni shauri la aliyenunua. Hana pa kuyapeleka."

Baba akageuka kuangalia kuku. Nilitaka kumuuliza habari yangu, nikaogopa. Nikarudi mjini vilevile nilivyokwenda.

Wageni wa Nansio walipofika, mimi na mama tulikuwa jikoni, masikio yote yako sebuleni. Baada ya salamu na chai, mshenga wao alikohoa. Alikuwa mtu wa adabu.

"Mzee, tusamehe. Tumesikia binti ana upande mwingine. Tungependa kujua tunazungumza na nani, tusije tukapeleka ng'ombe kwenye zizi silo."

Nikasikia kiti cha baba kinasogea, hatua zake zinakwenda chumbani, halafu zinarudi. Kisha sauti ya mshenga, ya juu kidogo: "Mzee wangu, hatujagombana!"

Alikuwa ametoka na bunduki.

"Haina risasi, tulieni. Soma hapa juu. Umesoma? Sasa chini ya mbao kuna jina jingine, mdogo wangu huyu ni shahidi. Waliotengeneza siwanyimi sifa yao, wamefanya kazi nzuri. Lakini aliyegonga jina lake hapa ndiye aliyekubali kulaumiwa. Na mimi kwa huyu binti nimegonga langu. Mnazungumza na mimi. Mshono ukifumuka, msihangaike kuuliza njia. Mleteni hapa."

Sebule nzima ikaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote, wala sisemi uongo, ni baba mdogo.

Nilikaa juu ya gunia la mkaa na gauni langu jipya nililolishona kwa ajili ya siku hiyo, nikalia kwa raha, bila aibu yoyote.

"Inuka," mama akasema, naye macho yamemlowa. "Utalichana hilo gauni."

"Likichanika," nikamwambia, "nina pa kurudi."