Mama Anagura

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Mpanda, na neno likitumika ndivyo sivyo hunikera kuliko mboga iliyozidi chumvi. Kwa hiyo mama aliposema, "Mwanangu, nataka kugura shamba," nilimsahihisha kabla hata sijamsikiliza vizuri.

"Sema kununua, mama."

"Nimesema kugura."

Kwa Kirundi, lugha aliyokuja nayo akiwa amebebwa mgongoni wazazi wake wakikimbia, kugura ni kununua. Alichokitaka ni shamba la kilimani huko Burundi, pale baba yake alipojenga na kuzikwa. Binamu yangu aliyeko huko alikuwa amepiga simu: mzee anayekaa pale sasa anauza, anahamia kwa mwanawe mjini. Mama ni raia wa Tanzania, anapiga kura hapa kwetu, kata ya Kawajense, na kule alikozaliwa sasa ni mgeni. Binamu alisema karatasi za mgeni atazifuatilia yeye, sisi tukubaliane bei kwanza.

Nilikasirika. Nyumba ya mama iko hatua chache kutoka kwangu, na tangu baba afariki, chai ya asubuhi nainywa kwake kabla ya kwenda shule. Nilimwambia kwamba kule hana hata mtu wa kumwomba chumvi.

"Baba yako nimemzika hapa, na kaburi lake nalipalilia," alisema. "La baba yangu nani kalipalilia?"

Nikasema nina madaftari ya kusahihisha, nikaondoka.

Siku ya kuongea na mzee ilipofika, mama alinituma soda. Kwa watu wake, habari ya shamba haizungumzwi bila kinywaji, kwa hiyo binamu alimpelekea mzee bia kule, na huku mama akafungua soda yake, akaketi karibu na simu. Masikio yake yameanza kuchoka, hivyo msemaji nikawa mimi. Alininong'oneza bei yake. Ilikuwa bei ya haki, ameihangaikia kwa mpunga wa misimu kadhaa.

Nikataja nusu yake.

Nilitaka mzee achukie, akate simu, na mama abaki. Kirundi changu ni cha kuombea maji, lakini kuhesabu najua, siwezi kusingizia lugha. Mzee aliuliza huyo mama ni binti wa nani. Nikamtajia jina la babu.

"Basi sawa," alisema. "Kuna watu wamenipa zaidi, ila huyo ni mtoto wa hapa. Nimekubali."

Nikaifunika simu kwa kiganja.

"Kasemaje?" mama akauliza.

"Kakubali."

"Kakubali ngapi?"

Sikujibu. Mama ndiye aliyenilea, na nikinyamaza ananisikia vizuri tu, hata kwa masikio yale. Hakugomba. Aliweka chupa chini.

"Mwambie ulikosea kutaja," alisema taratibu. "Sisi tulitoka pale mikono mitupu. Yeye asitoke hivyo."

Nikaisema bei ya mama, yote. Niliona aibu, na aibu hiyo ninayo hadi leo. Mzee alishukuru mara mbili, akamwombea mama afya, halafu tukamsikia akimimina bia yake. Mama naye akainywa soda mpaka ikaisha, na wakati wote alikuwa akitabasamu na kujifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Neno kugura lipo pia kwenye Kiswahili, kile cha vitabuni, na maana yake ni kuhama. Nimelifundisha darasani mara nyingi. Sijui kwa nini siku ile mama alipolitamka halikunijia.

Asubuhi iliyofuata baada ya ile simu nilikwenda kunywa chai kama kawaida. Nilimkuta mama amekaa uani, anawafunga kuku wake miguu kwa kamba, akiwagawa mafungu, kila jirani na fungu lake. Chai ilikuwa tayari mezani. Fungu langu lilikuwa na kuku watano.