Maji ya Vuguvugu

Mpangaji wangu hapa mjini Sylhet husimamia tovuti ambako watu huulizana mambo ya mapishi. Akishakula wali na dengu hunawa, hukausha kidole kimoja kimoja, kisha hukaa dirishani na simu yake na kuanza kufuta maswali yasiyofaa. Kila swali hulisoma kwanza kwa kunong'ona, hata la kipuuzi. "Hili lilishaulizwa, mpenzi," huliambia, halafu hubofya taratibu, kama anayefunika chungu.

Jumanne mchana kidole chake kilisimama hewani. "Shangazi, hebu njoo usome," akaniita. Mtu alikuwa ameandika: "Dada yangu hapumui tangu jana. Nimpe maji baridi au ya vuguvugu?"

"Utani huo. Futa," nikamwambia.

"Nililifuta jana, shangazi. Nikamwandikia kwamba hilo si la mapishi." Akanisogezea skrini. "Jana lilisema 'tangu asubuhi'."

Safari hii hakufuta. Aliandika chini yake: "Uko wapi? Nitajie mtaa, nakuja na watu sasa hivi."

Tukangoja, mabega yetu yakigusana. Jibu halikuchelewa.

"Asanteni, msisumbuke. Ya vuguvugu ameyanywa yote."